Kioo Chenye Rangi ya Chai

Mimi ni fundi vioo. Nimekata vioo kwa miaka arobaini, vya madirisha, vya makabati, vya saluni, vya lifti, na mteja akiingia karakanani kwangu najua kabla hajafungua mdomo kama amekuja kwa dirisha au kwa kujitazama. Wa dirisha huja na vipimo. Wa kujitazama huja na maneno mengi. "Fundi, nataka kile kinachoonesha vizuri," ananiambia. Kinachoonesha vizuri! Kioo hakioneshi vizuri wala vibaya, kinaonesha tu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu, tena kwa ukali, mpaka wengine wakahamia kwa mafundi wenye adabu. Naanza na hilo ili ujue kwamba nililolifanya sikulifanya kwa kutojua kazi.

Mke wangu nilimwita Bibie tangu uchumba, naye aliniita Fundi, hata mbele ya watoto, hata tukigombana. Alikuwa mzuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Alipokuwa na miaka ishirini na tano, mpiga picha aliyekuwa na studio mlango wa tatu kutoka kwangu alimwomba akae mbele ya kamera, akaikuza ile picha, akaitundika dirishani kuvutia wateja. Kioo cha lile dirisha nilikikata mimi. Picha ilikaa pale miaka thelathini na moja. Watu walioana, wakazaa, wakazeeka, na Bibie yuko pale pale dirishani, kichwa kimeinama kidogo, anacheka kama mtu aliyeambiwa siri.

Alikuwa akienda sokoni kwa njia ndefu ili apite pale. Nilimtania sana. Nilimwambia, "Bibie, ukiendelea kumtembelea huyo mwanamke iko siku nitamhamishia nyumbani, nyinyi wawili mpigane." Alicheka. Alipenda utani wa namna hiyo, kwa sababu mwanamke wa dirishani alikuwa bado yeye.

Kisha mpiga picha akazeeka akaacha kazi, na mwanawe akaja na mitambo mipya. Siku moja mchana Bibie aliingia karakanani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana aliogopa vumbi la vioo. Alisimama mlangoni na kikapu chake.

"Fundi," alisema, "wamenitoa."

Alilisema kama mpangaji aliyetupiwa vyombo nje. Nilitoka kwenda kuangalia. Dirishani alikuwapo bibi harusi mwenye kope ndefu za kubandika, na ile picha ya zamani ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya kaunta, uso umegeuzwa. Nilimwomba kijana anipe, akasema nichukue tu, alikuwa anataka kuitupa. Bibie hakutaka kuiona. Iko mpaka leo juu ya kabati, imefungwa kwa gazeti.

Basi hapo ndipo vita na kioo vilipoanza. Tulikuwa na meza ya kujipambia chumbani, na kioo chake nilikiweka mwaka tuliooana. Kila asubuhi Bibie alikaa mbele yake, nami nilisimama nyuma yake kumfunga zipu ya gauni, kwa sababu mkono wake wa kulia haukufika juu tangu ateguke bega usichanani. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu. Nafunga zipu, naunyanyua uso, natazamana naye ndani ya kioo, namwambia, "Umependeza," kisha nachukua funguo nakwenda zangu kazini. Miaka thelathini na mitatu. Ukiniuliza mke wangu anafananaje, picha inayonijia ni ile, ya humo kiooni, na mimi nyuma yake kama mlinzi.

Baada ya kutolewa dirishani, zipu ilianza kuchukua nusu saa. "Fundi, hii shingo ni yangu kweli?" Nikamwambia labda ameazima ya mama yake, na hakusema nami siku mbili. "Fundi, hapa chini ya macho pana nini?" "Pana mashavu, Bibie." Alilia. Alinunua krimu za kila aina, zikajaa mezani mpaka chanuo likakosa pa kukaa. Alianza kuvaa miwani myeusi akitoka nje, hata siku za mawingu, ili mikunjo ya macho isionekane. Siku alipotimiza miaka hamsini na saba alikifunika kioo kwa shuka, na nilipomuuliza alijibu, "Mle ndani kuna kibibi ananikodolea macho."

Nilichoka. Nasema kweli, sikuwa na huruma kama unavyodhani. Nilichoka kusubiri na zipu mkononi wakati wateja wananingoja. Nilitaka amani ndani ya nyumba yangu.

Kulikuwa na bamba la kioo lililobaki nilipomaliza kazi ya hoteli moja. Wenye hoteli walitaka vioo vya ukumbini viwe na tinti hafifu, rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, ili wageni wanaotoka safarini wasijione wamechakaa. Ni rangi ambayo huioni. Ukiwa huna karatasi nyeupe ya kulinganisha, utaapa kioo ni cheupe. Kinachofanya ni kuupasha uso joto. Weusi wa chini ya macho unapungua, mikunjo inalala, ngozi inakuwa kama ya mtu aliyetoka kula akashiba na kulala usingizi mzuri.

Nilikata kipande cha meza ya kujipambia. Nikakifunga kwa skrubu nne, na chini yake nikachomeka kijiti cha kiberiti kila upande ili kiegemee nyuma kidogo, kwa sababu kioo kikiegemea nyuma kinamrefusha mtu na kumpunguza. Nikabadilisha na taa ya chumbani nikaweka ya manjano. Dirisha la chumba chetu linatazama ukuta wa jirani, mwanga wa jua hauingii wa maana. Kisha, kwa kuwa mimi nikishika kazi siachi kona, nikakata kingine cha bafuni, na kile kidogo cha duara cha ndani ya kopo lake la poda. Nyumba nzima ikawa na rangi ya chai.

Nilimwambia kile cha zamani kilikuwa kimeshaliwa na chumvi mgongoni. Alikaa. Alijitazama kwa muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku, akagusa shingo.

"Kumbe kilikuwa kioo," alisema.

"Kilikuwa kioo," nikamjibu.

Ndiyo hivyo nilivyompaka mke wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sitakuficha, nilijisikia bingwa. Zipu ilirudi kuchukua dakika moja. Alirudi kuimba jikoni. Na mimi, niliyekuwa nikiwafukuza wateja kwa kutaka kioo kinachoonesha vizuri, nilirudi kazini nikipiga mluzi. Tuliishi hivyo miaka miwili.

Mwaka wa pili ukikaribia kwisha, Bibie alianza kupungua. Hakuumwa na kitu, ila chakula kilimchosha. Alikula vijiko vitatu akasukuma sahani, akasema ameshiba. Lilikuwepo gauni la kijani alilolishona wakati wa uchumba, lililofungiwa sandukuni kwa miaka yote hiyo kwa sababu lilikataa kupita kiunoni. Asubuhi moja nilimkuta amelivaa.

"Hebu funga," aliniambia.

Zipu ilipanda yenyewe, haikugoma hata mahali pamoja. Alisimama akazunguka mbele ya kioo, na kioo, kwa vile vijiti vyangu viwili, kikamwongezea urefu. Macho yake yaling'aa. Nilimshika mabega nikamwambia amerudi kuwa msichana. Tulicheka wote wawili kama wajinga. Mpaka leo nikilikumbuka lile gauni natamani kujipiga kofi. Kiuno kile hakikuwa cha usichana, alikuwa anakwisha, na mimi nilikuwa pale pale napiga makofi.

Alikuwa pia anajikuna. Mikono, tumbo, nyayo. Akasema ni krimu mpya, akaitupa, akaendelea kujikuna. Alichoka mapema, akalala mchana. Nilidhani ni umri.

Mdogo wake, shemeji yangu, anaishi mbali na huja mara moja kwa mwaka. Mwaka ule alifika saa sita mchana, jua kali, na Bibie akatoka kumpokea getini na miwani yake myeusi. Walipokumbatiana miwani ikapanda, ikaanguka. Haya yote nilisimuliwa na shemeji mwenyewe, kwa sababu robo saa baadaye alikuwa karakanani kwangu bado na vumbi la safari, hajanywa hata maji.

"Shemeji," alisema, "hivi wewe una macho?"

Nilidhani ni utani. Tuna kawaida ya kutaniana. Nikamwambia, "Ninayo mawili, unataka moja?"

"Dada amekuwa manjano. Macho yake yamekuwa manjano kama kiini cha yai! Ngozi yote! Nimemwambia, amekimbilia kwenye kioo, amejitazama, amerudi ananitukana. Eti namwonea wivu kwa sababu yeye amepungua na mimi nimenenepa. Shemeji, unaishi na nani mle ndani?"

Kalamu ya kukatia kioo ilikuwa mkononi. Nakumbuka niliiweka mezani taratibu sana. Nilijua kabla sijafika nyumbani. Tinti ile hafifu inachukua kila cheupe na kukitia rangi. Macho ya mtu mwenye afya, meupe, humo kiooni yanaonekana kama maziwa yaliyotiwa chai. Bibie alikuwa amezoea kuyaona hivyo kwa miaka miwili. Umanjano ulipokuja uliingia kimyakimya mahali ambapo nilikuwa nimeshauandalia kiti.

Nilimtoa Bibie uani kwa kisingizio cha kumwonesha bomba linalovuja. Nilimwomba avue miwani. Nikatoa mfukoni karatasi nyeupe, ile ninayoandikia vipimo, nikaishika karibu na shavu lake.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Natazama."

Shemeji hakuongeza chumvi.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, na ningeweza kuiruka usijue. Nilipaswa kumwambia pale pale: Bibie, vioo vyote humu ndani nilivitia rangi, usiviamini, mwamini mdogo wako. Maneno hayo hayafiki ishirini. Lakini ulimi ulinishika. Niliogopa atakavyonitazama. Miaka miwili ya nyimbo za jikoni ilikuwa imesimama juu ya uongo huo. Basi nikamwambia tu twende hospitali, tupime damu, wazee wote wanapima.

"Mzee ni wewe," alinijibu. "Mimi kioo changu kinaniambia sina kitu."

Nilizunguka hivyo siku kumi na moja. Nilimwambia ni kwa ajili yangu, mimi ndiye sijisikii vizuri, anisindikize. Akasema niende na shemeji. Nilileta nesi wa jirani, akamfungia mlango. Kila siku alikaa mbele ya meza yake, akajithibitishia, akanitazama kwa ushindi. Shemeji alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Shemeji, kuna kitu unakijua hunielezi." Nikamwambia hakuna. Siku kumi na moja, na ugonjwa unafanya kazi yake, na dawa yote iko chini ya ulimi wangu.

Siku ya kumi na mbili nilifanya ninachojua kufanya. Bibie alipoingia kuoga, nilileta kioo kipya nilichokikata jana yake, kipimo kile kile, kisicho na rangi yoyote. Nilifungua skrubu nne, nikatoa kile, nikafunga hiki, nikavitupa vijiti vya kiberiti. Nikabadilisha taa, nikaweka nyeupe. Kazi ni kazi. Nilishindwa kumwambia mke wangu ukweli kwa mdomo, nikamwambia kwa bisibisi.

Aliingia amejifunga taulo. Alikaa, akanyoosha mkono kuchukua krimu, akatazama. Nilitegemea ukelele na hakupiga. Alichukua ncha ya taulo akaanza kukifuta kioo, kwanza polepole, halafu kwa nguvu.

"Fundi. Hiki kioo kina nini?"

"Hakina kitu."

"Kina rangi. Njoo uone. Kimeingia rangi."

"Hakina rangi, Bibie. Hiki hakina."

Mkono wake ulisimama. Hakugeuka. Alinitazama humo humo kiooni, kama kila asubuhi, na niliona neno lile dogo, hiki, likimwingia. Akavaa mwenyewe. Zipu aliiacha wazi, akajitanda shuka juu yake, akamwita mdogo wake, wakaenda hospitali. Mimi nikafuata nyuma.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yetu. Alimpima, akampiga picha za tumbo, na siku ya tatu akatuita mimi na shemeji kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, kwa hiyo mimi nilisimama. Alituambia kuna uvimbe umeziba njia ya nyongo na umeshatawanyika kwenye ini.

"Macho yake yamekuwa hivi kwa muda gani?" aliuliza.

"Wiki mbili," nikasema.

"Hapana," alisema daktari, kwa upole. "Hii ni ya miezi." Akanigeukia. "Mzee, mnaishi nyumba moja?"

"Nyumba moja."

"Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja."

Aliinamisha kichwa akaandika kitu. Shemeji alimuuliza kama tungewahi ingekuwaje, na daktari akasema asingeweza kuahidi, lakini wangejaribu upasuaji. Sasa walichoweza ni kumwekea mrija nyongo ipite, kuwashwa kupungue, apumzike. Neno lile, wangejaribu, nililibeba mpaka wodini na sijalitua tangu siku ile.

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha kubwa. Mwanga wa mchana ulimwangukia wote, na kwa mara ya kwanza hakujificha. Alimwomba mdogo wake akatafute maji ya kunywa, ili tubaki wawili.

"Kipi kilikuwa kinasema kweli," aliniuliza, "cha zamani, au hiki cha mwisho?"

"Vyote viwili hivyo. Cha katikati ndicho kilichosema uongo."

"Na cha bafuni?"

"Na cha bafuni."

"Na cha kwenye poda?"

"Nacho."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Hukuacha kona."

Nilimwambia yote, hoteli, bamba, vijiti vya kiberiti. Nilimwambia nilitaka aache kulia, na nilimwambia pia kwamba nilichoka, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka na uongo zaidi ya nilivyowahi kuchoka na zipu. Nilimwambia kuhusu siku kumi na moja. Nilitegemea anifukuze. Alikuna mkono wake polepole.

"La kioo nakusamehe," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakitaka. Mtu akinipa chupa ya uongo wakati ule ningeinywa yote. Nisingekuuliza hata umeitoa wapi. Lakini mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo, Fundi, sina namna nyingine ya kujiona. Wewe ulikuwa na uso wangu wenyewe, bure, bila kioo. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe. Kila siku."

"Kila siku."

"Kila asubuhi, Bibie. Wewe mwenyewe unajua."

"Haya, fumba macho."

Nikafumba.

"Nina kidoti cheusi shavuni. Cha kuzaliwa nacho. Kiko shavu lipi?"

Swali la mtoto. Nilikiona kidoti mbele yangu wazi kabisa, kidogo kama mbegu ya ufuta, chini ya jicho, mahali kilipokuwa siku zote. Sikufikiri hata kidogo.

"La kulia," nikasema.

Mtu alikohoa kitanda cha tatu. Nilingoja aseme kitu, hakusema, na nikajua kabla ya kufumbua. Nilipofumbua macho alikuwa amenigeuzia uso, ana kwa ana, mchana mweupe, hakuna kioo kati yetu. Kidoti kilikuwa shavu la kushoto.

Mimi ndiye fundi vioo. Mimi ndiye ninayejua kuliko wote kwamba kioo hugeuza pande, kwamba anayekutazama humo ndani mkono wake wa kulia ni wa kushoto kwako. Nilikuwa namjua mke wangu kwa kinyume. Nilimfunga zipu kwa miaka thelathini na mitatu, nikazungumza na kivuli chake, kisha nikatoka kwenda kazini. Mezani nilitazama sahani. Kitandani nilizima taa. Hata angegeuka rangi ya kijani, mimi ningejua kwa kuambiwa na shemeji.

"Miaka thelathini na mitatu," Bibie alisema, akageukia ukutani.

Hakusema nami siku tatu. Nilikuja kila asubuhi, nikaweka kiti upande ule aliogeukia, kati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo nesi alinigombeza kwamba nazuia njia. Nilikaa nikamtazama. Siku ya kwanza alifunga macho. Siku ya pili alijifunika shuka mpaka kichwani, nikatazama shuka. Siku ya tatu alisema bila kulitoa shuka usoni, "Sasa ndiyo unatazama, wakati hakuna cha kutazama."

"Kipo," nikasema.

"Nini?"

"Sijui bado. Ndiyo natazama."

Akalishusha shuka.

Sitakudanganya kwamba aligeuka kuwa mzuri kuliko yule wa dirishani. Mambo hayo husemwa na watu wenye afya. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, ngozi ina rangi ambayo siwezi kuisahau. Lakini nilikuwa sijawahi kujua kwamba nyusi yake ya kulia ina kovu jembamba linaloigawa mara mbili. Nilimuuliza, akaniambia alianguka kwenye ngazi za shule akikimbilia kengele. Tundu la sikio la kushoto lilikuwa limechanika mpaka chini. Nikauliza. "Binti yako," alisema, "alivuta hereni akiwa na miezi minane. Ulikuwepo, Fundi. Ulikuwa unasoma gazeti." Macho yake hayakuwa meusi kama nilivyodhani, yalikuwa na mzingo wa kahawia hafifu pembeni. Alipotaka kucheka, upande mmoja wa mdomo ulitangulia, kila mara huo huo, wa kushoto. Nilimwonea wivu kila mtu aliyewahi kukaa mbele yake wakati mimi nasimama nyuma.

Siku moja aliniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia namwona yeye. Akasema, "Umechelewa." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama unavyomwambia mtu saa ngapi. Kisha akanipa mkono nikaushika, na tukakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kilipoletwa na kurudishwa.

Kioo hakukiomba tena. Shemeji alimletea kopo la poda, akalifungua, akapaka kwa kidole bila kutazama, akanigeukia mimi.

"Imekaa sawa?"

"Hapa imezidi," nikasema, nikamfuta kwa kidole gumba, chini ya jicho la kushoto, juu ya kidoti.

Nilikaa kwenye kiti kile siku kumi na tisa. Alifariki asubuhi ya ishirini, mimi nikiwa njiani kwenda kwake.

Chumba cha maiti kiko nyuma ya hospitali. Mtumishi wa pale alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole, na alikuwa na karatasi ya kujaza kabla ya kunionesha. Aliniuliza jina, umri, mimi ni nani kwake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu refu, kama marehemu ana alama yoyote ya kumtambulisha.

"Kidoti cheusi," nikamwambia, "shavu la kushoto, milimita kumi na nane chini ya kona ya nje ya jicho. Nyusi ya kulia ina kovu, limekatisha karibu na pua. Tundu la sikio la kushoto limechanika hadi chini. Jino la pili la juu, kulia, limepanda kidogo juu ya la tatu. Na mstari wa mdomo, kushoto, umeingia ndani kuliko wa kulia, kwa sababu ndiko kicheko kilikoanzia."

Aliandika, akaacha kuandika, akanitazama juu ya miwani yake.

"Mzee, wengine hapa hawakumbuki hata marehemu alikuwa mrefu au mfupi," alisema. "Inaonekana mmeishi pamoja miaka mingi."

"Siku kumi na tisa," nikasema.

Alitazama tena karatasi, penye umri wake na neno mume, na nadhani aliona majonzi yamenichanganya. Akanipa pole, akanionesha pa kutia sahihi.